Kupiga Kinanda kwa Ajili ya Mwimbaji: Mwongozo kwa Kijana wa Butembo na Beni

Kama unapiga kinanda katika kwaya ya parokia, ya CBCA au ya kanisa lingine lolote hapa Butembo au Beni, na watu wameanza kukuita maestro, basi tayari unafanya nusu ya kazi ambayo miji mingine ina shule zake na mishahara yake. Mwongozo huu ni wa ile nusu iliyobaki.

Kazi ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kusindikiza: mwimbaji anaimba, wewe unapiga, na wawili mnasikika kama mtu mmoja. Upande wa pili ni kumwandaa mwimbaji kabla hajasimama mbele ya watu: kumfundisha noti, matamshi, mahali pa kuvuta pumzi, maana ya anachokiimba. Katika nyumba za opera, mtu wa kazi hii huketi na waimbaji kwa wiki nyingi kabla okestra haijaingia, akipiga kwa vidole kumi yale ambayo wanamuziki hamsini watayapiga baadaye. Kwa Kifaransa anaitwa chef de chant. Ukitafuta masomo kwenye intaneti, andika jina hilo.

Butembo haina nyumba ya opera. Ina waimbaji, tena wengi, na wengi wao hawana mtu wa kuwaandaa. Hapo ndipo penye nafasi yako.

Kwa nini kazi hii inawezekana hapa

Tazama Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani na mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste akiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika ala hizo. Walinakili nota kwa mkono. Uzi wa fidla ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli uliwahi kushika nafasi yake. Leo wana kwaya kubwa na wamepiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Naye Serge Kakudji, kijana wa Lubumbashi, alianza kujifunza sauti ya opera kwa kusikiliza, akafika kuimba kwenye majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2014 alikuwa sauti kuu ya onyesho la Coup Fatal akiwa na wanamuziki wa Kinshasa.

Kakudji wa kesho anaweza kuwa yule binti wa sauti ya kwanza anayeimba zaburi Jumapili kwenye kata ya Kimemi au Mulekera. Hatafika mbali kama hana mtu wa kukaa naye kwenye kinanda jioni tatu kwa wiki.

Nikuambie wazi kuhusu riziki. Opera peke yake haitakulisha Butembo. Kinachoweza kukulisha ni mchanganyiko: harusi, misa za upadirisho na jubilei, masomo ya kinanda kwa watoto, mazoezi ya waimbaji wa peke yao, na kurekodi sauti za mazoezi kwa ajili ya kwaya. Opera na nyimbo za sanaa ndizo zitakazokunoa ili hayo mengine uyafanye vizuri kuliko mtu mwingine mjini.

Na usikubali kuambiwa kwamba msindikizaji ni mtu wa nyuma. Gerald Moore, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1899, aliitumia kazi yake yote kupinga wazo hilo. Alipostaafu jukwaani mwaka 1967, waimbaji watatu wakubwa wa wakati wake walipanda kuimba naye kwa heshima yake. Graham Johnson, mzaliwa wa Bulawayo mwaka 1950, akarekodi nyimbo za Schubert zote akiwa na makumi ya waimbaji. Mtu mmoja kwenye kinanda, waimbaji makumi: hapo unaona nani alikuwa mhimili wa kazi.

Hatua ya 1: Soma nota za aina zote mbili

Wapiga kinanda wengi wa makanisani hupiga kwa sikio, na sikio hilo ni mali. Lakini mwimbaji akikuletea karatasi leo na anaimba keshokutwa, sikio halitoshi.

Anza na ulichonacho. Kwaya nyingi za Kiswahili zinatumia solfa, zile herufi d r m f. Usiidharau. Katika solfa, do huhama na wimbo: ukijua wimbo kwa solfa, unaweza kuupiga kwenye ufunguo wowote, na kuhamisha wimbo ni jambo utakaloombwa kila wiki. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za kwaya za Kikatoliki kwa Kiswahili. Pakua mbili kila wiki uzisome bila kuzisikiliza kwanza.

Kisha ingia kwenye nota za mistari mitano. Fanya hivi kila siku kwa dakika 20:

1. Chukua wimbo wa sauti nne usioujua. Tazama ufunguo, diezi na bemoli, na hesabu ya mapigo.
2. Piga besi na soprano tu, polepole kiasi kwamba hutasimama.
3. Rudia ukiongeza alto, kisha tenor.
4. Ukikosea, endelea. Anayesindikiza haruhusiwi kurudi nyuma, kwa sababu mwimbaji hatarudi naye.

Onyo dogo litakalokuokoa aibu: vitabu vya Kifaransa huiita do ya katikati ya kinanda do 3, vya Kiingereza huiita C4. Ni noti ileile. Mwimbaji akikutumia ujumbe kwamba anafika la 4, muulize anahesabu kwa mtindo gani kabla hujamchagulia wimbo.

Hatua ya 2: Pata ala, na uilinde dhidi ya umeme

Usiitafute ile piano ya mbao yenye nyuzi. Ina nyuzi zaidi ya 200, mbao na vitambaa vyake hunywa unyevu, na hali ya hewa ya Butembo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 ni ya baridi na mvua nyingi. Bila fundi wa kuituna kila mara, itakupotosha sikio.

Tafuta kinanda cha umeme chenye mambo matatu: vitufe vinavyotofautisha mguso mwepesi na mzito, tundu la pedali, na tundu la spika za masikioni. Vitufe 88 ni bora, kwa kuwa nota za opera hushuka chini sana. Vitufe 61, yaani oktava tano, vinatosha kuanzia. Besi ikikosekana, ipige oktava moja juu.

Kuhusu umeme, soma polepole:

- Angalia maandishi nyuma ya kinanda: volti, ampea, na alama inayoonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vina hasi katikati, vya Yamaha chanya. Ukikosea, unaunguza.
- Betri ya sola ya volti 12 inapochajiwa hupanda zaidi ya 14. Usiiunganishe moja kwa moja na kinanda cha volti 9. Weka kifaa cha kurekebisha volti katikati.
- Jenereta ikiwaka, subiri itulie ndipo uchomeke. Mafuta yakikaribia kuisha, chomoa kwanza.
- Kama kinanda kinakubali betri ndogo, nunua seti moja uiweke ndani siku ya harusi hata kama kuna umeme.

Kabla ya kila mazoezi hakikisha kwamba kinanda kimetunwa kwenye la ya hezi 440 na kwamba kitufe cha kuhamisha ufunguo kiko kwenye sifuri. Aliyekitumia jana huenda alikiacha kwenye namba nyingine, na kwaya nzima itaimba juu kuliko uwezo wake bila kujua kwa nini.

Hatua ya 3: Andaa wimbo mmoja kama unavyopaswa kuandaliwa

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme mwimbaji wa soprano amekuletea wimbo wa Kiitaliano kama Caro mio ben, ambao wanafunzi wengi wa sauti huanza nao. Usiguse kinanda kwanza.

1. Andika maneno peke yake kwenye daftari. Chini ya kila neno andika maana yake. Kilatini, muulize padri au mseminari. Kiitaliano, tumia kamusi. Kwa nini? Kwa sababu utampa mwimbaji nafasi ya kupumua kulingana na sentensi, na huwezi kuijua sentensi usiyoielewa.

2. Yasome maneno kwa sauti kwa mapigo ya wimbo, bila noti. Ulimi ukijikwaa hapa, utajikwaa pia kwenye kuimba.

3. Imba sauti ya mwimbaji wewe mwenyewe. Hata kama sauti yako si nzuri. Mahali utakapoishiwa pumzi, weka alama ya mkato kwa penseli. Hizo ndizo sehemu utakazompa mwimbaji nusu ya pigo la ziada.

4. Piga besi peke yake huku unaimba. Hatua hii ndiyo kiini cha mafunzo yote. Ukiweza kupiga mkono wa kushoto na kuimba sauti ya mwimbaji bila kusimama, unaweza kumsindikiza. Usipoweza, vidole vyako vina haraka lakini masikio yako bado yako kwako mwenyewe. Kaa kwenye hatua hii siku mbili, tatu, mpaka ikae.

5. Ongeza mkono wa kulia, kisha upunguze. Nota za kinanda zilizotolewa kwenye okestra mara nyingi zina noti nyingi kuliko vidole. Wataalamu hawapigi zote. Baki na besi. Baki na akodi inayoonyesha wimbo unaelekea wapi. Baki na ile noti inayompa mwimbaji mwanzo wake. Tupa oktava zinazojirudia na mitetemo mirefu ya fidla.

6. Tafuta sehemu tatu za hatari: mwanzo, kila mahali mwendo unapobadilika, na mwisho. Zipige kila siku hata usipopiga wimbo wote.

7. Jirekodi kwa simu, kisha kesho yake imba juu ya rekodi. Kama wewe mwenyewe unashindwa kuvuta pumzi juu ya upigaji wako, mwimbaji ataikosa pia.

Nyimbo za watunzi waliokufa zamani kama Handel, Mozart na Schubert ziko huru, na nota zake zinapakuliwa bure kwenye IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, au CPDL, iliyoanza mwaka 1998 kwa ajili ya kwaya. Faili za nota ni ndogo kuliko video. Pakua nyingi siku ukiwa na intaneti nzuri, uchapishe kidogo kidogo. Programu ya MuseScore ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti: itakusaidia kuhamisha ufunguo na kuchapisha nota zako mwenyewe. Wimbo wa mtunzi aliye hai, hasa wa hapa kwetu, mwombe ruhusa na uandike jina lake kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Endesha kikao cha saa moja

Mwimbaji akija, usimwambie mara moja aimbe. Mpangilio huu umenyooka na unafaa hata pasipo na umeme, kwani nusu yake haihitaji kinanda.

*Dakika 5.* Salamu, maji ya kunywa, na swali moja: sauti ikoje leo? Sikiliza jibu na sauti inayolijibu.

*Dakika 10.* Kupasha sauti: midomo ikitetemeka, kisha mmm, kisha irabu moja ikipanda na kushuka noti tano. Anza katikati ya sauti yake, panda nusu tone kila mara, usifike juu kabisa. Asubuhi za Butembo zina baridi. Asubuhi ongeza dakika.

*Dakika 10.* Maneno. Ayaseme kana kwamba anamwambia mtu. Muulize nani anazungumza katika wimbo huu, na nani, na anataka nini.

*Dakika 20.* Kazi ya sehemu mbili tu za wimbo. Usimpe masahihisho zaidi ya matatu kwa siku. Ukimpa kumi hatashika hata moja, na atarudi nyumbani akiogopa.

*Dakika 10.* Aimbe wimbo wote mwanzo hadi mwisho, bila wewe kumkatiza.

*Dakika 5.* Andikeni pamoja alichojifunza, na umrekodie kinanda peke yake kwa simu yake ili akazoee nyumbani.

Wakati anaimba, macho yako yawe kwenye mabega na mdomo wake. Vuta pumzi pamoja naye. Mikono yako itaanguka kwenye vitufe kwa wakati uleule anapoanza, bila kuhesabu. Akiruka mstari, ruka naye. Akisahau maneno, mtamkie silabi ya kwanza kwa sauti ya chini. Akishuka sauti, usigongegonge kinanda kwa hasira. Ipige noti yake taratibu, oktava moja juu, mpaka sikio lake likamate. Kwenye resitativu, yaani sehemu inayosemwa zaidi ya kuimbwa, piga akodi, iache, sikiliza sentensi iishe.

Lugha yako ya Kinande ni mtaji

Jambo hili watu wetu hawaambiwi, nami naliona kubwa. Kiswahili kina irabu tano. Kiitaliano kina saba, kwa sababu *e* na *o* kila moja ina ya kufunga na ya kufungua, na Kifaransa kinazo pia. Mwanafunzi anayejua Kiswahili peke yake huhangaika nazo. Lakini Kinande kina irabu zaidi ya tano, na irabu zake hufuatana: *e* au *o* ya Mnande hufunga au hufunguka kulingana na irabu inayofuata. Mdomo wake unazitoa sauti zote mbili kila siku bila yeye kujua.

Fanya hivi: mwambie mwimbaji wako aseme maneno ya Kinande polepole, msikilize mdomo ukifunga na kufunguka, mwonyeshe tofauti, kisha ichukueni tofauti hiyo mkaitie kwenye neno la Kiitaliano. Utaokoa wiki nzima za kuiga rekodi.

Kinande pia ni lugha ya toni. Unapoweka maneno ya Kinande kwenye muziki wa kigeni, mstari wa wimbo ukipanda mahali ambapo neno hushuka, maana inaweza kupotea. Kabla ya kufundisha wimbo wa namna hiyo, mwombe mama au mzee mmoja wa lugha ausikilize. Akikunja uso, rekebisha noti, usirekebishe lugha.

Kwaya nzima: mfano wa Haleluya ya Handel

Kipindi cha Noeli na Pasaka utaombwa wimbo huu, kutoka Messiah iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Uko kwenye re kubwa. Soprano na tenor wanafika la ya juu, na kuna mahali soprano wanashikilia noti ndefu zinazopanda ngazi kwa ngazi huku wengine wakiwajibu. Hapo ndipo kwaya nyingi huchoka na kupiga kelele.

Dawa ya haraka ni kuushusha mpaka do kubwa. Inakubalika kama kwaya ni changa. Dawa bora ni hii: wafundishe soprano zile noti ndefu peke yao, wakivuta pumzi kwa zamu, wawiliwawili, ili mstari usikatike. Wakati huo wewe piga sauti nyingine tatu tu. Usiwapigie noti yao. Wakiizoea kwenye kinanda, siku umeme utakapokatika wataipoteza.

Kisha warekodie. Rekodi nne: katika kila moja sauti moja inasikika kwa nguvu na nyingine tatu kwa chini. Zitume kwa WhatsApp kwa kila kundi. Kwaya za Butembo, Beni, Kasindi hata Lubero zinahitaji rekodi za namna hii, na wengine wetu walioko Kampala au Ulaya wanazihitaji pia kwa harusi zao. Hii ni kazi unayoweza kuuza bila kutoka chumbani, jambo lenye uzito katika miezi ambayo barabara haina usalama.

Usijaribu kumsindikiza mtu moja kwa moja kwa simu. Sauti huchelewa njiani, na mtagombana bure. Tuma rekodi, naye atume yake.

> MAKOSA YANAYOJIRUDIA
>
> - Kutumia midundo ya ndani ya kinanda. Mashine haivuti pumzi. Mwimbaji atageuka mtumwa wake.
> - Kushikilia pedali wimbo mzima. Inyanyue kila akodi inapobadilika.
> - Kupiga kwa nguvu kwa sababu spika ni mbovu. Msogeze mwimbaji karibu nawe badala yake. Gerald Moore alikipa kitabu chake cha mwaka 1962 kichwa kinachouliza kama anapiga kwa sauti kubwa mno. Jiulize hivyo kila mara.
> - Kupamba kila nafasi tupu. Ukimya ni sehemu ya nota.
> - Kumlazimisha mvulana ambaye sauti yake inavunjika aendelee na sauti ya juu. Mshushie wimbo, au apumzishe sauti.
> - Kujifanya daktari. Ukwaruzo wa sauti ukizidi wiki tatu, mwimbaji aende hospitali, si kwa mwenye asali na tangawizi.

Hatua ya 5: Panga malipo yako

Huduma ya Jumapili kwenye kanisa lako ni sadaka yako, na ni vizuri ibaki hivyo. Lakini harusi ya Jumamosi yenye mazoezi matatu ni kazi. Watu wetu wa Butembo ni wafanyabiashara. Wanaheshimu bei iliyosemwa mapema kuliko manung'uniko ya baadaye.

Hesabu kwa mpangilio huu: saa zako za kuandaa nyumbani, idadi ya mazoezi, ibada yenyewe, ukumbini kama wanakutaka, taksi-moto kwenda na kurudi na kinanda, mafuta ya jenereta au betri. Jumlisha, kisha sema bei moja kwa dola au faranga, na useme kiwango cha kubadilisha ni cha siku gani. Dai nusu kabla ya zoezi la kwanza.

> MAKUBALIANO YA KARATASI MOJA
>
> Majina ya pande mbili. Tarehe, saa na mahali. Orodha ya nyimbo na ufunguo wa kila mmoja. Siku ya mwisho ya kuleta nota (angalau wiki moja kabla). Idadi ya mazoezi. Nani analeta kinanda, spika na umeme. Jumla ya malipo, kilicholipwa na kilichobaki. Nini kinatokea kama sherehe inaahirishwa kwa sababu ya usalama. Sahihi.

Kipengele kile cha usalama usikiache. Barabara ya Beni kwenda Kasindi na baadhi ya mitaa ya pembezoni hubadilika kwa siku moja. Uliza madereva na viongozi wa mtaa kabla ya kuondoka, panga mazoezi yaishe mapema, na usikubali zoezi la usiku hata kwa malipo mazuri.

Mlango wazi

Kazi hii inakuweka chumbani na mtu mmoja kwa saa nzima, mara nyingi binti au mvulana mdogo. Fundisha mlango ukiwa wazi, au kanisani wakati watu wapo. Kwa aliye chini ya miaka 18, ongea kwanza na mzazi wake, na mama au dada mkubwa akitaka kuketi, mpe kiti. Kama unataka kumwonyesha mtu jinsi mbavu zinavyofunguka, weka mkono kwenye mbavu zako mwenyewe. Mwalimu anayetaka zaidi ya ada kwa mwanafunzi wake hafai kuitwa mwalimu, na kwaya iliyomficha inashiriki uovu wake.

Pa kusomea

Karibu nawe: Goma, kwenye Foyer Culturel, wamekuwa wakifundisha vijana muziki kwa miaka mingi, lakini kabla ya kupanga safari uliza hali ya mji na ya barabara. Kinshasa kuna Institut National des Arts, INA, na hapo ndipo pa kutafuta shahada ya muziki ndani ya nchi na kwa Kifaransa. Ndege huondoka Mavivi, Beni, usalama ukiruhusu.

Kwa kuvuka Kasindi unafika Uganda: Kampala Music School na Chuo Kikuu cha Makerere. Mbele zaidi kuna Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1944, na Chuo cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, chenye shahada ya muziki. Nairobi pia ndiko utakakosikia opera zilizotungwa Afrika Mashariki. Rhoda Ondeng Wilhelmsen, mwimbaji wa soprano wa Kenya, aliunda Baraka Opera Trust kwa kazi hiyo. Ukipata nafasi ya kuketi kwenye mazoezi yao hata siku moja, kaa nyuma ya mpiga kinanda uangalie mikono yake na macho yake.

Usipoweza kusafiri, kuna mitihani ya ABRSM ya daraja la 1 mpaka la 8. Tangu mwaka 2020 wana mitihani ya kupiga inayotumwa kwa video. Maelezo yako kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia kuyasoma, na uthibitishe kwanza kama kinanda chako kinakubaliwa kabla hujalipa.

Kwa maoni yangu, cheti si cha kwanza. Kwanza uwe na nyimbo 20 unazoweza kuzipiga usiku wa manane kwenye ufunguo wowote, na waimbaji watatu ambao watakuita kabla ya kumwita mwingine.

Orodha ya siku ya tamasha

☐ Nota zimeunganishwa kwa gundi au uzi, kurasa hazidondoki
☐ Kitufe cha kuhamisha ufunguo kiko sifuri
☐ Pedali, adapta, betri, waya wa ziada wa spika
☐ Tochi ndogo ya kusomea nota
☐ Mwimbaji amekunywa maji, amepasha sauti
☐ Mmekubaliana ishara ya kuanza na nini mtafanya umeme ukikatika
☐ Kiti kimewekwa mahali unapoona mdomo wa mwimbaji, si mgongo wake
☐ Baki ya malipo imelipwa

Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute mwimbaji mmoja kwenye kwaya yako ambaye sauti yake ina kitu lakini hakuna anayemsaidia. Ongea na wazazi wake kama ni mdogo. Mpangie saa moja ya wiki, siku ileile, saa ileile, na usiikose.